Kunta Kinte Hakupotea

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu sita kwa nyumba ya rafiki yangu Kahawa West, tukila viazi karai na kubishana kuhusu filamu kama kawaida yetu. Mtu akataja LeVar Burton. Kila mbogi ya wapenda sinema ina msee mmoja aliyetazama filamu zote za Wajapani na ambaye lazima akuulize kama ulizitazama kwa lugha ya asili. Wetu akajifuta midomo, akasema: "Huyo alikuwa moto kama Kunta Kinte, halafu akapotea. Akaenda kuelekeza vipindi vya TV." Alilitamka neno "vipindi" vile watu hutamka "mitumba". Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kichwani: kwenye matatu, bafuni, kwenye foleni ya M-Pesa. Wacha sasa nimjibu kwa maandishi, halafu nipumzike.

Kwanza, alipotea akaenda wapi?

LeVar Burton alizaliwa mwaka wa 1957 huko Landstuhl, Ujerumani Magharibi, kwa sababu babake alikuwa mpiga picha katika jeshi la Marekani. Mamake, ambaye alikuwa mwalimu, alimlea Sacramento, California. Akiwa na miaka 13 aliingia seminari akitaka kuwa padri. Alipofika 17 akatoka. Alikuwa bado mwanafunzi wa uigizaji katika Chuo Kikuu cha Southern California, kijana wa miaka 19, alipochaguliwa kumcheza Kunta Kinte katika Roots. Januari 1977, televisheni ya ABC ilionyesha hadithi hiyo kwa siku nane mfululizo, na usiku wa mwisho watazamaji walikadiriwa kufika karibu milioni 100. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa.

Sasa jiweke hapo. Una miaka 19 na nchi nzima inaijua sura yako. Lakini inaijua ikifanya nini? Ikipigwa. Tukio ambalo kila mtu analikumbuka ni lile la kijana aliyefungwa mikono, anachapwa mjeledi hadi akubali kuitwa Toby. Picha hiyo ilivuka bahari ikatufikia hadi sisi tusioijua hadithi yenyewe. Katika shule yangu ya msingi hakuna mtoto aliyekuwa ameitazama Roots, hakuna, lakini ukiwa mweusi kupita wenzako ulikuwa Kunta Kinte. Mimi ndiye niliyekuwa Kunta Kinte wa darasa letu kuanzia la nne hadi la nane. Kendrick Lamar alipotoa King Kunta mwaka wa 2015 na watu wakaanza kuliimba hilo jina kwa raha, manze, mimi nilisikia tu kengele ya mapumziko.

Kwa hiyo ndiyo, nina kesi ya kibinafsi hapa. Sifichi.

Kuna jambo ambalo sikulijua hadi nilipokuwa mtu mzima na nikaanza kusoma majina yanayopita mwisho wa filamu, yale ambayo wengi hutumia kama nafasi ya kwenda chooni. Roots ya 1977 ilielekezwa na watu wanne: David Greene, Marvin Chomsky, John Erman na Gilbert Moses. Mweusi kati yao alikuwa mmoja tu, Moses, aliyekuwa ametoka kwenye jukwaa la maigizo, mmoja wa walioanzisha Free Southern Theater mwaka wa 1963. Sisemi wale wengine watatu walifanya vibaya. Ninachosema ni kwamba hadithi ya Waafrika waliopelekwa utumwani, ambayo Marekani nzima iliacha shughuli zake kuitazama, kwa sehemu kubwa iliamuliwa na watu weupe: kamera ikae wapi, isogee karibu na uso lini, mjeledi ukishuka tumwangalie nani. Mwigizaji anatoa mwili, machozi na jasho. Ni mtu mwingine anayeamua sisi tutaona kiasi gani cha hayo machozi, na kwa sekunde ngapi.

Ndiyo maana hadithi ya mtu kutoka mbele ya kamera kwenda nyuma yake haiwezi kuwa hadithi ya kupotea. Burton alitoka mahali pa kuangaliwa akaenda mahali pa kuangalia. Kwa mtu ambaye ulimwengu ulimjua akiwa amefungwa mikono, hapo ni mbali sana.

Alifikaje? Hapa ndipo msee wetu wa Kahawa West angefaa kunyamaza kidogo asikilize, maana haikuwa kipaji peke yake, na haikuwa bahati.

Kuanzia 1987 hadi 1994 Burton alimcheza Geordi La Forge katika Star Trek: The Next Generation. Geordi alikuwa mhandisi wa chombo cha angani, tena kipofu, aliyeona kwa kutumia kifaa cha dhahabu kilichofunika macho yake. Burton amesimulia mara nyingi kwamba kile kifaa kilimzuia kuona vizuri na kumpa maumivu ya kichwa. Na mwigizaji bila macho ni kama mpishi bila chumvi: atapika, lakini atahangaika. Miaka saba alifanya kazi hiyo kwa sauti, shingo na mabega.

Kwenye ile seti kulikuwa na kitu ambacho seti nyingi hazina, yaani mlango uliokuwa wazi. Leonard Nimoy, yule Spock wa awali, alikuwa tayari ameelekeza filamu ya tatu ya Star Trek (1984) na ya nne (1986). Kisha Jonathan Frakes, aliyemcheza Riker, akaomba kuelekeza. Hakupewa kiti siku hiyo hiyo. Aliambiwa aende kwanza akajifunze, akae vyumba vya uhariri, afuate waelekezi wengine, aone sehemu moja inavyopangwa kutoka karatasi hadi skrini. Alitumia mamia ya saa hivyo, na mwaka wa 1990 akaelekeza sehemu yake ya kwanza. Baada yake wakafuata Patrick Stewart, Burton, Gates McFadden, Michael Dorn. Kwenye vipindi vilivyozaliwa na hicho wakafuata Avery Brooks, Robert Duncan McNeill na Roxann Dawson, ambaye leo watu wanamjua zaidi kama mwelekezi kuliko mwigizaji. Wao wenyewe wanapaita shule. Haikuwa na jengo wala karo. Ilikuwa ruhusa tu ya kusimama mahali fulani na kuuliza maswali.

Burton alipata zamu yake mwaka wa 1993, akiwa na miaka 36. Sehemu inaitwa Second Chances. Wakampa ngumu: hadithi ya Riker anayekutana na Riker mwingine, nakala yake mwenyewe iliyoachwa nyuma miaka minane. Maana yake Frakes anacheza watu wawili wanaogombana kwenye chumba kimoja. Ukitaka kujua kama mwelekezi anajua kazi, mpe tukio kama hilo. Mwigizaji anamjibu mtu ambaye hayupo, anaangalia hewa, kisha anabadilisha mavazi na kwenda upande wa pili kujibizana na hewa ile ile. Macho yakikosea sentimita mbili tu, uongo umejulikana. Na huyo mwigizaji mwenyewe ni mwelekezi aliyekutangulia. Hebu fikiria siku yako ya kwanza kazini ukimwambia mwalimu wako arudie.

Katika sehemu hiyo hiyo, kwa dakika chache, anatokea mwanamke kwenye chumba cha kusafirishia watu. Ni Mae Jemison. Septemba 1992 alikuwa amekwenda angani na chombo cha Endeavour, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Marekani kufika huko. Burton alisikia kwamba ni shabiki wa Star Trek, akamwalika. Hivyo mwanaanga wa kweli akaingia kwenye hadithi ya wanaanga wa kubuni kwa mara ya kwanza, kwa sababu tu kiti kile, wiki ile, kilikaliwa na mtu aliyewaza kumpigia simu.

Jemison amesema kilichomvutia utotoni ni Uhura, mhusika wa Nichelle Nichols kwenye Star Trek ya miaka ya 1960. Na Uhura, kama hukujua, jina lake limetolewa kwenye neno letu, uhuru. Jemison mwenyewe akiwa mwanafunzi wa udaktari alifanya kazi huku Afrika Mashariki na Flying Doctors. Kwa hiyo usiniambie hizi ni habari za wazungu na mavazi ya kubana. Mstari umetoka Kiswahili ukaenda Hollywood, ukapanda angani, ukarudi seti, na aliyefunga fundo la mwisho ni yule kijana wa mjeledi.

Baada ya hapo hakusimama. Alielekeza karibu sehemu 30 za Star Trek kwa jumla, pamoja na ile ya 100 ya Voyager, Timeless, mwaka wa 1998, ambayo pia alicheza Geordi akiwa kapteni. Ukiwa mtoto wa miaka ya 2000 kama mimi na mtaa wenu ulikuwa na mtu wa kukodisha DVD, huenda umetazama kazi yake bila kujua. Smart House, ile filamu ya Disney Channel ya 1999 kuhusu nyumba yenye akili ya kompyuta inayojigeuza mama wa familia na kukataa watu watoke nje, ni yake. Niliitazama kama mara nane hivi, kwenye diski yenye mikwaruzo. Leo kila mtu anaongea na simu yake na simu inamjibu, na ile filamu ya watoto haichekeshi tena kama zamani. Kando ya hayo yote, kuanzia 1983 hadi 2006, alikuwa mtangazaji wa Reading Rainbow, kipindi cha kuwapendezesha watoto vitabu. Huyo ndiye mtu aliyepotea.

Sasa tuwe wakweli, maana msee wetu si mjinga, ni mwenye dharau tu, na hizo ni shida mbili tofauti.

Ni kweli Burton hajatengeneza filamu ambayo wanafunzi wa sinema wataandikia tasnifu. Blizzard ya 2003 ni filamu ya Krismasi yenye kulungu anayeongea, sitaitetea. Ni kweli pia kwamba mwelekezi wa sehemu moja ya kipindi si mfalme. Anakuta wahusika wameshaundwa, taa zina mtindo wake, hadithi imeandikwa na wengine. Ana siku chache za kujiandaa, siku kama saba au nane za kupiga picha, anakusanya toleo lake kisha watayarishaji wanakata wanavyotaka. Wiki ijayo mwingine anakuja. Na wakuu wa Star Trek ile, waliokuwa na neno la mwisho, walikuwa wazungu hadi mwisho. Sidai kwamba ufalme ulianguka.

Lakini hiyo dharau ya "vipindi" imetoka wapi? Tumefundishwa kwamba mwelekezi wa kweli ni mtu mmoja mwenye skafu na maono, anayetengeneza filamu moja kila miaka mitano na kulia kwenye tamasha Ulaya. Sawa, tunawahitaji na hao. Ila tasnia nzima haijengwi na watu wa aina hiyo. Inajengwa na watu wanaoweza kufika seti saa kumi na moja asubuhi, wakakuta mvua, mwigizaji mmoja ana homa, mwingine hajashika maneno, na bado jioni wakatoka na dakika kadhaa zinazoeleweka. Kisha kesho tena. Karibu mara 30 kwenye ulimwengu mmoja, kisha Charmed, Soul Food, NCIS: New Orleans. Kwa fundi wa magari tungesema huyo ana mkono. Kwa mwelekezi tunasema amepotea.

Na hapa nafika mahali panaponiuma.

Mimi ni mwigizaji. Huenda umeniona, nilicheza nesi kwenye kipindi kimoja cha hapa kwetu kwa misimu miwili. Sitakitaja, na mkataba unaoisha Disemba ni sababu moja tu. Watu wananiita Nesi hadi leo. Kondakta ananiita Nesi, mama mboga ananiita Nesi, juzi mtu aliniuliza dawa ya kikohozi na hakuwa anatania. Sinung'uniki. Ni sisi hivyo. Mzee Ojwang' alituchekesha kwenye Vitimbi kwa miongo, na alipofariki mwaka wa 2015, wangapi wetu walilijua jina la Benson Wanjau kabla ya tanzia?

Msimu wa pili nilimwendea dairekta wetu, mtu wa heshima, umri wa babangu mdogo. Nikamwambia, "Mzee, siku ambazo sina matukio, naomba nikae karibu na monita. Sitaongea. Na ikiwezekana nije chumba cha uhariri Jumamosi, nauli ni yangu." Aliniangalia kwa upole kabisa, upole ambao ulinichoma kuliko matusi. "Nesi, wewe Mungu amekupa sura. Huku nyuma ni waya na kelele tu. Utaona nini huku?"

Nilirudi kwenye kiti cha plastiki nikasubiri kuitwa. Saa sita. Nimehesabu baadaye: kwa misimu ile miwili nilikaa kwenye viti vya plastiki muda ambao ungenitosha kusomea shule ya Frakes na kubaki na chenji.

Najua jibu, nimeshapewa mara nyingi. Hatuna bajeti. Hapa kwetu kurasa ambazo wenzetu wanazipiga kwa wiki tunazipiga kwa siku mbili, nani ana muda wa kufundisha waigizaji? Hilo la kasi ni kweli, nimekuwepo. Ila bajeti gani ya mtu kusimama nyuma ya monita? Anakula chakula kile kile, anapanda gari lile lile la uzalishaji, tayari yuko hapo! Hatuzungumzii pesa. Tunazungumzia nani anaruhusiwa kujua. Na ndugu zangu waigizaji, sisi pia tuache utakatifu: wengi wetu tungeambiwa leo tukae monita bila kupakwa poda, bila mtu kutuona, tungesema simu inaita. Kuelekeza hakukupi wafuasi. Burton aliposhika kiti, hakuna aliyemsimamisha barabarani kumpongeza kwa pembe ya kamera.

Halafu tasnia hiyo hiyo, baada ya kutufungia, inageuka na kulalamika kwamba waigizaji wa Kenya ni sura tu, hawaelewi kazi, wakimaliza kipindi wanaenda kuuza sabuni Instagram. Si mlitaka sura? Mmepata sura. Mtu akicheza nesi miaka kumi bila kuonyeshwa kwa nini kamera iliwekwa kulia na si kushoto, hawi mwelekezi akifika arobaini. Anakuwa nesi mzee.

Mwaka wa 2016 Roots ilitengenezwa upya. Malachi Kirby alimcheza Kunta Kinte. Burton alikuwa mmoja wa watayarishaji wakuu. Mjeledi ukaanguka tena, kwenye mwili mwingine, lakini safari hii jina lake lilikuwa upande wa wanaoamua. Sijui msee wetu anaita hiyo nini. Nimemtumia ujumbe na orodha ya hizo sehemu za Star Trek, moja moja, na kumwambia aanze na Second Chances, kwa lugha ya asili.

Hajajibu. Kuna mwingine aliyejibu, lakini: jamaa wa kamera wa kipindi chetu cha zamani, ambaye sasa yuko kwenye mradi mpya Athi River. Anasema dairekta wao ni dada wa umri wetu na hana shida mtu akisimama nyuma ya monita mradi asimguse waya. Wanaanza Jumanne saa kumi na moja. Sina tukio hata moja kwenye hiyo skripti.